Nasaha kwa Mpwa Kuhusu Prosesa ya Viini Viwili na ya Viini Vinne

Kwa mpwa mpendwa,

Barua hii inajibu swali la mpwa anayejifunza kuhariri video, ambaye anataka kuunda kompyuta kwa vipuri vya mtumba na kuipandisha kasi, akasita kati ya prosesa mbili za Intel: Core 2 Duo E8400 ya mwaka 2008 na Core 2 Quad Q6600 iliyoitangulia kwa mwaka mmoja. Mjomba wake anaona kwamba jibu halimo katika idadi ya viini wala ya gigahezi, bali katika kazi yenyewe.

Kiini ni sehemu ya prosesa inayotekeleza amri za programu. E8400 ina viini viwili vya gigahezi 3.0, na Q6600 ina vinne vya gigahezi 2.4. Kasi hiyo hutokana na mapigo ya msingi ya ubao mama yanayozidishwa kwa kizidishio, ambacho kwa zote mbili ni 9, hivyo kupandisha kasi ni kuyaongeza mapigo hayo kupita kiwango cha kiwandani: Q6600 ikitolewa megahezi 266 hadi 333 hufika gigahezi 3.0, na E8400 ikitolewa 333 hadi 400 hufika 3.6.

Ongezeko hilo hulipiwa kwa joto, ambalo hukua sambamba na kasi na pia kwa mraba wa volti, kiasi kwamba anayeongeza kasi kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10 huongeza joto kwa asilimia 45 hivi. E8400 ilikadiriwa wati 65, ilhali Q6600 ilikadiriwa wati 105, na toleo lake la baadaye, G0, wati 95. Tena viini vyake vyote vinne hubanwa na uwezo wa kile kilicho dhaifu kuliko vingine. Ndiyo maana yenye viini viwili hupanda juu zaidi kwa urahisi.

Hata hivyo, idadi ya viini nayo ina uzito wake, ingawa mwaka 1967 mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alionyesha kwamba faida ya kuongeza prosesa huwekewa mpaka na sehemu ya kazi isiyoweza kugawanywa. Tofauti nyingine za prosesa hizi zikiwekwa kando, kazi ambayo nusu yake tu hugawanyika itamalizwa kwa muda uleule na viini viwili vya gigahezi 3.6 na vinne vya gigahezi 3.0; ikigawanyika chini ya nusu, kama ilivyo kwa michezo mingi ya zamani, viwili hushinda, na ikizidi nusu, vinne hushinda. Kubadili video kutoka muundo mmoja hadi mwingine ni kazi inayogawanyika kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mpwa anashauriwa kuchukua Q6600, ikiwezekana ya toleo la G0, kwa kuwa kasi huweza kuongezwa baadaye lakini kiini hakiongezwi.

Akishaichukua, anunue kwanza kipoza joto kizuri na pawasaplai ya kuaminika, apandishe mapigo kidogo kidogo bila kugusa volti, na kila hatua aipime kwa saa kadhaa kwa programu kama Prime95, ambayo huvibebesha viini vyote mzigo mzito na kufichua makosa ya hesabu, huku akichunga joto lisipite nyuzi 70 za Selsiasi. Asilidharau jambo hili, kwani mashine iliyopandishwa kupita uwezo wake haizimiki tu, bali huweza kuharibu mafaili kimyakimya, na anayehariri video za watu hubeba amana ya kumbukumbu zao. Gigahezi 3.0 zilizothibitishwa zinamfaa mwenye amana hiyo kuliko 3.6 za kubahatisha.

Wasalaam,
Mjomba wake amtakiaye heri