Safari ya Kwanza Bumula: Kompyuta Iliyonyamaza

Niliondoka Kitale alfajiri, Jumamosi ya mvua za Aprili, na mkoba mmoja tu: bisibisi mbili, kurunzi, kibanio chembamba na flashi yenye mfumo wa kompyuta wa Ubuntu. Sikuwa nimewahi kufika Bumula. Aliyeniita ni mwalimu mstaafu aliyepoteza uwezo wa kuona miaka michache baada ya kuacha kazi. Binti yake ndiye aliyenipigia simu. "Kompyuta ya mzee imenyamaza tangu Februari," alisema. "Fundi alituambia kadi ya sauti imeungua, na kwa kuwa imo ndani ya madabodi, tununue madabodi mpya. Mzee amekataa. Anataka mtu mwingine aiangalie kwanza."

Mimi na wewe tunaoona, kompyuta ikinyamaza tunakosa muziki na sinema. Mwalimu hukosa kila kitu. Yeye hutumia Orca, programu huria inayokuja pamoja na Ubuntu bila malipo na kusoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Sauti ikikatika, hajui hata kama mashine imewaka. Jambo hilo lilinisumbua njia nzima.

Matatu ilipita Kiminini na Kamukuywa, Mlima Elgon ukiwa kulia kwetu, umejifunika mawingu hadi kiunoni. Baada ya Misikhu tuliteremka hadi Webuye, tukashika barabara kuu iendayo Malaba, tukawa nyuma ya malori ya makontena ya Uganda. Karibu na kiwanda cha sukari cha Nzoia harufu ya miwa iliingia madirishani. Bungoma mjini nilipanda bodaboda, na lami ilipoisha dereva alinionya nishike vizuri, kwa maana udongo mwekundu ulikuwa umelowa na tairi zilikuwa zikicheza.

"Mulembe," nilisalimu mlangoni.

"Mulembe muno, mwanangu. Karibu Bumula. Kaa kwanza unywe chai."

Chai ilikuja na viazi vitamu. Mwalimu aliniuliza kama ninajua kwamba neno Ubuntu ni la kwetu. Nikamwambia mfumo huo ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Akatikisa kichwa, akasema Wabukusu humwita mtu omundu, na Waswahili wana utu, kwa hiyo aliyeuita hivyo hakwenda mbali kutafuta jina. Kisha akaniongoza hadi mezani, mkono wake ukipapasa ukuta.

Nilianza na spika. Nilichomoa waya wake kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta, nikauchomeka kwenye simu yangu, zikaimba, kisha nikaurudisha mahali pake. Spika ni nzima. Nikafungua terminali, nikaandika aplay -l, amri inayoorodhesha kadi za sauti ambazo mfumo unaziona. Ikajibu mara moja: HDA Intel, na kando yake jina la chipu ya Realtek. Hapo nilipata matumaini, kwani kadi iliyoungua kabisa kwa kawaida haijitaji. Chipu hizi za madabodi hufuata kanuni za Intel za mwaka 2004, na kwenye Linux, ambayo ndiyo msingi wa Ubuntu, huhudumiwa na ALSA, mradi ulioanzishwa mwaka 1998 na Jaroslav Kysela wa Ucheki. Ni njia iliyokanyagwa na watu wengi, na hitilafu zake nyingi zinajulikana.

Shaka yangu ya kwanza ilikuwa HDMI, waya wa skrini. Mara nyingi mfumo hupeleka sauti kwenye skrini isiyo na spika, na mwenye mashine akadhani imekufa. Nilifungua mipangilio ya sauti. Haikuwa HDMI. Zilikuwa zimechaguliwa hedifoni.

"Mwalimu, kuna hedifoni umechomeka?"

"Hakuna. Zilivunjika zamani."

Hilo neno moja kwenye skrini lilikuwa jibu lote, nalo lilikaa pale tangu Februari mbele ya mtu asiyeweza kuliona, likiandikwa na mashine isiyoweza kumsomea. Nilifungua alsamixer, nikabonyeza F6 kuchagua kadi ya Intel. Hakuna palipoandikwa MM, alama ya mfereji uliofungwa. Lakini pembeni Auto-Mute ilikuwa imewashwa. Kazi yake ni kuzima spika za nyuma pindi hedifoni zinapoingia tundu la mbele. Niliizima kwa kibodi, na spika zikapasuka kwa mlio wa majaribio hata kuku waliokuwa mlangoni wakaruka.

Ningeweza kuondoka hapo. Sikutaka, kwa sababu mashine ilikuwa ingali inaamini jambo la uongo, na kosa lingerudi siku mfumo utakapowekwa upya. Nilimulika tundu la mbele kwa kurunzi. Ndani kabisa kitu kiling'aa, rangi ya shaba. Nilizima stima, nikachomoa waya ukutani, nikafungua sanduku, nikakitoa kwa kibanio taratibu, robo saa nzima, nikiogopa kukisukuma zaidi. Ilikuwa ncha ya plagi ya hedifoni, ndogo kuliko punje ya mtama. Kumbe plagi ilikatikia humo, na ncha hiyo ikawa inaibonyeza swichi ya tundu muda wote huo.

Nilimwekea Mwalimu kiganjani. Aliigeuza kati ya vidole viwili, akainusa, akanyamaza. Kisha akamwita mjukuu wake kwa jina, bila hasira, akamwambia aje ashike kitu kilichomfunga babu mdomo.

Niliwasha tena, nikarudisha Auto-Mute kama ilivyokuwa, na mipangilio yenyewe ikachagua spika. Mwalimu alisogeza kiti, akabonyeza mwenyewe vitufe vya Super, Alt na S. Sauti kavu ya eSpeak, ile ya Kiswahili, ikaanza kutaja madirisha. Akafungua faili ya historia ya ukoo wake, akaenda ukurasa wa mwisho aliouacha Februari, akasikiliza sentensi yake ya mwisho mara tatu. Ya nne akaifuta, akaiandika upya.

Madabodi mpya ingewagharimu shilingi 9,000 kwa bei waliyotajiwa, na tatizo lingebaki pale pale kwenye sanduku. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mtu anayesoma kwa masikio na kompyuta yake imenyamaza, msomee kilichoandikwa kwenye mipangilio ya sauti, kisha mulika lile tundu la mbele. Fanya hivyo leo, kabla ya kwenda dukani.