Kazi: Mtumishi wa Nyumbani

Mei 1930 meli ya Transylvania ilitoka Glasgow kwenda New York. Kwenye orodha ya abiria kuna msichana aliyekuwa anatimiza miaka 18, Mary Anne MacLeod, kutoka kisiwa cha Lewis huko Uskoti. Kazi: mtumishi wa nyumbani. Mboch, kwa Kiswahili cha mtaani. Leo makaratasi yake yanafukuliwa kwa sababu mwanawe, Donald Trump, alikuja kuwa rais wa Marekani. Siasa za mtoto naziweka kando. Aliyenishika ni mama.

Alizaliwa kijiji cha Tong mwaka 1912, kitinda mimba wa watoto kumi. Baba alikuwa mvuvi mwenye kashamba kadogo. Nyumbani waliongea Kigaeli. Kiingereza kilikuwa cha shule. Unaijua hiyo hadithi. Akiwa na miaka sita, usiku wa kuamkia 1 Januari 1919, meli ya Iolaire iliyokuwa inarudisha wanaume kutoka vitani ilizama karibu kabisa na bandari ya Stornoway. Walikufa kama 200. Kisiwa hakikupona haraka, na vijana wakaendelea kuhama.

Simulizi inayopendwa ni kwamba Mary Anne alienda New York likizo tu, akakutana na Fred Trump dansini, mapenzi yakamzuia kurudi. Karatasi zinasema vingine: alienda kukaa, na dada yake alikuwa ametangulia. Alienda kutafuta, kama vile mabinti wetu wanavyoenda Riyadh na Doha.

Waskoti wanafuatika kwa sababu waliandikwa. Tangu 1855 serikali inasajili kila kuzaliwa, ndoa na kifo. Cheti cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu, na mama anaandikwa hata kwa ukoo aliozaliwa nao. Karatasi moja, umepanda kizazi kizima. Majina pia yana mpango: kwa desturi yao ya zamani, mvulana wa kwanza huitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Mkikuyu akifika hapo lazima acheke. Ila Lewis akina MacLeod ni wengi kama akina Kamau wa Kiambu, kwa hivyo karatasi pekee haitoshi. Inabidi umpate mzee anayejua fulani ni wa fulani, wa fulani.

Shosho yangu, mzaa mama, naye alifanya kazi kwa Wazungu, Nairobi ya miaka ya 50. Alipofariki mwaka jana nikapewa kazi ya kuandika wasifu wake. Nikatafuta karatasi. Wapi! Kipande cha mkoloni kilikuwa cha wanaume. Ni mwaka 1978 ndipo sheria ilibadilishwa wanawake nao waandikishwe. Ujana wake wote serikali haikumwona.

Mjomba akasema, "Andika tu mama wa nyumbani. Hayo ya Wazungu tuyaache." Nikaelewa ile likizo ya New York inatoka wapi. Mkishapanda ngazi, mnaanza kuona haya kwa aliyeishikilia.

Nikamwendea tata, dada mdogo wa mamangu. Alikuwa na yote kichwani: mshahara, chumba cha nyuma, karo iliyotoka humo. Nikaandika: "Alikuwa yaya. Pesa hizo ndizo zilimsomesha mama yangu." Mjomba akanuna. Mchungaji akasoma hivyo hivyo.

Baada ya mazishi bibi mmoja nisiyemjua akanishika mkono. Akasema yeye na shosho walikuwa majirani huko kwa Wazungu, nyumba ya tatu kutoka yake. Nikamtafutia kiti, nikatoa simu, nikaanza kurekodi.