Si Sista wa Sindano Tu

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaoamini kwamba kazi ya nesi ni kudunga sindano na kukemea kina mama kwenye foleni. Imani hiyo iliniisha likizo ya Aprili, siku kitindamimba wetu, mwenye umri wa miezi 14, alipohara na kutapika usiku kucha.

Kulipopambazuka macho yake yalikuwa yamedidimia na midomo imekauka. Mama alimfunga mgongoni tukashika njia hadi zahanati. Kufika, tukaambiwa daktari hayupo, yupo sista wa watoto. Mama akaguna, "Ati sista? Si twende tu mjini tukamwone daktari kamili." Mjini ni safari ya matatu mbili, na ile ya kwanza haing'oki mpaka ijae pomoni!

Sista alimsikia wala hakununa. "Mama, hebu nimtazame kwanza," akasema. Alimfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachilia. Ilirudi polepole kama ngozi ya mzee. Akahesabu pumzi zake dakika nzima, macho kwenye saa. (Baadaye alinieleza kuwa mtoto wa umri huo mwenye kikohozi akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, huenda ana nimonia. Nami nilidhani hilo hujulikana kwa mashine!) Kisha akampa maji kwa kijiko, mtoto akayanywa kwa pupa.

"Amepungukiwa maji, lakini bado anakunywa," alisema. "Angekuwa amelegea, hawezi kunywa, ningemtundikia maji ya mshipa na kumkimbiza hospitali kuu sasa hivi."

Akachanganya pakiti ya ORS, akamwambia Mama ampe kidogo kidogo kwa saa nne. Akitapika, angoje dakika 10 kisha aendelee.

Katika saa hizo nilimuuliza mengi. Kumbe baada ya kuhitimu uuguzi alirudi darasani kusomea watoto pekee! Shuleni nilisoma kwamba huko Marekani, mwaka 1965, nesi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya kumwezesha muuguzi kumpima na kumhudumia mtoto pale madaktari walipokuwa haba. Baadhi ya wauguzi wenzake walimpinga, lakini Ford aliishi miaka 104, hadi 2025, akauona ujuzi huo ukienea. Kwetu ujuzi upo, ila nani ametangaziwa? Ukutani pale zahanati pameandikwa saa za kufungua tu. Kina mama wangapi wamempita mlangoni wakikimbilia matatu?

Saa nne zilipotimia, mtoto alikojoa, leso ya Mama ikalowa chepechepe. Sijawahi kumwona Mama akifurahia mkojo namna ile! Alipokea tembe za zinki, akauliza kwa sauti ya chini, "Sista, wewe huwa hapa siku gani?"

Tukiwa njiani tulikutana na jirani yetu, mtoto mgongoni, akielekea stejini. Mama akamshika mkono, akamgeuza.