Picha Ndiyo Huchagua Mashine

Studio yangu ya Magomeni nimeifunga. Macho yamechoka, na vijana wengi siku hizi wanahariri harusi kwenye simu wakiwa ndani ya daladala. Sina ugomvi nao. Ila kabla sijakaa pembeni nataka kuliweka sawa jambo tulilobishania miaka mingi: mtu anunue kompyuta ya namna gani ili ahariri video ya HD.

Nilizaliwa Tanga, kwa baba fundi redio, na kulehemu waya nilijua tangu shule ya msingi. Baada ya kidato cha nne nilikuja Dar es Salaam kwa mjomba, nikawa mbeba taa wa mpiga video za harusi. Huyo ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu wangu, mzee wa Kipemba aliyeanza kazi enzi za kanda, deki moja ikicheza na nyingine ikirekodi. Sote tulimwita Maalim, Mungu amrehemu.

Maalim alitufundisha swali moja la kujiuliza kabla ya kwenda dukani: picha yako imebanwaje? Kwenye kanda za DV kila fremu ilijitegemea. Saa moja ilikula gigabaiti 13 hivi, na Pentium 4 ya kawaida iliimudu. Zikaja kamera za HDV. Kanda ileile, waya uleule, megabiti 25 zilezile kwa sekunde, watu wakadhani na kazi ni ileile. Kumbe fremu ya HDV ina pikseli 1,440 kwa 1,080, karibu mara nne ya zile 720 kwa 576 tulizozoea. Ili zitoshe, kamera iliandika fremu moja nzima, kisha katika fremu 11 zinazofuata ikaandika zaidi yale yaliyobadilika. Ukitaka kukata katikati, kompyuta haina budi kufungua fremu nyingine kwanza. AVCHD, iliyotangazwa mwaka 2006, ilibana zaidi kwa H.264. Diski haikulemewa hata kidogo, mzigo wote uliiangukia prosesa.

Hapo ndipo nilipokosana na mshirika wangu. Yeye alitaka fedha ziishie kwenye kadi kubwa ya grafiki, ile ya wacheza gemu. Mimi nilitaka prosesa ya kori nne, RAM ya kutosha na diski zaidi ya moja. Nilimweleza kwamba programu yetu haiitumii kadi hiyo kufungua picha. Akanijibu kwamba nina mawazo ya kizee, akachukua fungu lake, akafungua studio yake na kununua kadi yake. Picha za AVCHD ziliendelea kukwama humo. Haki isemwe: mwaka 2010 ilipotoka Premiere Pro CS5, kadi za Nvidia zilianza kubeba efekti nyingi na urekebishaji wa rangi. Lakini hata hapo kuifungua H.264 kulibaki kazi ya prosesa. Tofauti hiyo wauzaji wengi hawaielezi mpaka leo.

Dawa ya Maalim ilikuwa kuigeuza kazi yote usiku iwe kodeki ya kuhariria, ambayo kila fremu yake inajitegemea, kama ProRes iliyotoka mwaka 2007. Wengi waliona anapoteza muda. Mimi bado naitetea. Gharama yake ni nafasi: ProRes 422 ya 1080, fremu 25 kwa sekunde, hula megabiti kama 120 kwa sekunde, yaani gigabaiti 55 hivi kwa saa. Mzigo unahama, unaikimbia prosesa na kuiangukia diski. Kamera nne kwa pamoja zinataka megabaiti 60 kila sekunde, na diski ya nje ya USB 2.0 hutoa kama nusu yake tu. Tuliunganisha diski mbili za mizunguko 7,200 kwa mtindo wa RAID 0, mbali na ile yenye mfumo, zikafika. Ila kwenye RAID 0 ikifa moja zimekufa zote, kwa hiyo Maalim hakuruhusu kazi ianze kabla nakala haijakaa kwenye diski ya tatu.

Vijana wangu, simu zenu nyingi sasa zinarekodi H.265, iliyobanwa kuliko zote nilizozitaja. Msidanganywe na ukubwa wa namba kwenye boksi. Ulizeni kama prosesa au kadi hiyo ina sehemu ya kuifungua kodeki ya kamera yenu, ya aina ileile hasa. Haina? Geuzeni picha kwanza, au tengenezeni proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria. Kisha nunueni UPS, maana umeme wetu mnaujua, na diski ya nakala kabla ya kadi ya grafiki. Harusi ya mtu hairudiwi kwa sababu diski yako imekufa.