Mbwa wa Kununua na Mbwa Aliyeachwa

Mimi ni mwalimu wa kujitolea, wengi mnanifahamu kupitia watoto wenu wa darasa la nne. Mwezi huu siandiki juu ya shule. Nataka kuwaelezea vile sisi nyumbani tulitafuta mbwa, kwa sababu tangu tumpate watu wananisimamisha njiani: "Mwalimu, huyo mlimnunua wapi?"

Mambo yalianza na mbuzi. Mwezi wa nane mwaka 2024 wezi walikuja usiku wakachukua mbuzi wetu wawili, mmoja akiwa na mimba. Hatukusikia kitu. Asubuhi tulikuta kamba imekatwa kwa kisu. Ndugu msomaji, unajua mbuzi wawili ni nini hapa kwetu. Tangu mwaka 2023, WFP ilipogawa familia kwa makundi ya uhitaji, sisi tulibaki kwenye kundi la kupata kidogo, na wale mbuzi ndio walikuwa karo ya mdogo wangu.

Mdogo wangu akasema tununue mbwa, tena si mbwa yeyote. Alitaka jamani shepadi, wale wakubwa wa polisi. Alikuwa na picha kwenye simu, kuna mtu Mbarara anawazalisha na kuwauza. Bei shilingi 300,000 kwa mtoto mmoja wa mbwa. Tulikuwa na pesa ya maharage, karibu itoshe.

Mama alikataa. Alikuwa na sababu mbili, na zote nilizielewa. Ya kwanza ni ya zamani. Mama alitoka Rutshuru mwaka 2008 kwa miguu, na njiani aliona mbwa ambao wenyewe walikuwa wamekimbia au wamekufa. Wazee wetu wa Rwanda nao wanajua, kwamba baada ya mauaji ya mwaka 1994 mbwa wengi walipigwa risasi kwa sababu ya yale waliyokuwa wanakula. Kwa hiyo ukiona mama au mzee hataki mbwa karibu na mlango wake, usimcheke.

Mimi nilimwambia habari ya Gulu. Huko kaskazini mwa Uganda, ambako vita ya LRA iliharibu watu wengi, kuna kazi iliyoanzishwa na Francis Okello Oloya, mtu aliyepoteza macho kwa bomu akiwa bado mtoto. Wanachukua mbwa waliotupwa mitaani, wanawatibu na kuwafundisha, kisha wanawaunganisha na watu ambao vita imewaachia ndoto mbaya na woga. Mtu anamlea mbwa, na mbwa anamtuliza mtu. Mama alisikiliza, akasema, "Hao ni watu wa Gulu."

Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi. "Sisi ni watu wa kuondoka," alisema. Kesi yetu ya kwenda Marekani ilikuwa imefika mbali, tulikuwa tumemaliza mahojiano. Utachukua mbwa leo, kesho uitwe kwenye basi?

Hata hivyo mwezi wa kumi mdogo wangu na mimi tulikwenda Mbarara kuangalia tu. Kabla ya kwenda nilimuuliza daktari wa mifugo anayepitaga huku, akaniambia mambo ya kuangalia. Mtoto wa mbwa asiachishwe mama kabla ya wiki nane. Omba kumuona mama yake, kwa sababu mama mkali wa kuuma ovyo anaweza kuzaa wakali wa kuuma ovyo. Omba karatasi ya chanjo. Angalia macho, pua, na tumbo. Tumbo likivimba kama ngoma ni minyoo.

Tulikuta watoto sita kwenye banda dogo la mabati, jua kali. Walikuwa wazuri kweli, sitadanganya. Mdogo wangu alimshika mmoja, akaniambia, "Yaya, ni huyu." Nikauliza mama yao yuko wapi. Muuzaji akasema yuko kwa shamba. Nikauliza chanjo. Akasema nikimpeleka nyumbani ndipo nitachanja. Nikauliza umri. Akasema miezi miwili, lakini walikuwa bado wanayumba wakitembea. Nilipouliza tena alikasirika: "Madamu, unanunua ama unafanya mtihani?" Tukaondoka. Mdogo wangu hakunisemesha mpaka Isingiro.

Sisemi wauzaji wote ni hivyo. Anayezalisha mbwa kwa uangalifu atakuonyesha mama, atakupa karatasi, na hata yeye atakuuliza unaishi wapi na utamlisha nini. Lakini kijana mmoja wa boda tunayemjua alinunua wake mjini bila kuuliza chochote, na siku ya tano akaanza kuharisha damu. Ilikuwa parvo. Alikufa na pesa ikaenda. Halafu ile mbwa kubwa inakula sana! Posho ya watu wawili haimtoshi. Mbwa wa huku kwetu, wale wa rangi ya udongo, wanashiba kwa ugali, mifupa ya buchari na mukene kidogo, na joto hawalijali.

Sasa nieleze huyu wetu. Mwezi wa kumi na moja jirani wa nyumba ya nne waliitwa, wakaruka kwenda Marekani. Walimuachia binamu yao mbwa, binamu naye akahamia Kampala. Mbwa akabaki pale kwenye nyumba tupu. Kila usiku alikuwa anabweka kulinda nyumba isiyo na mtu. Watoto walimrushia mawe (wengine ni wanafunzi wangu, ninawajua). Walimuita "Mmarekani".

Kumchukua mbwa kule hakukuwezekana kwa ile familia, na tusiwalaumu. Tangu tarehe 1 Agosti 2024 Marekani inataka kila mbwa anayeingia awe na miezi sita na zaidi na awe na kifaa cha utambulisho chini ya ngozi. Akitoka nchi yenye kichaa cha mbwa kama Uganda, kuna karatasi zingine juu yake. Nani hapa ataweza?

Halafu ikaja tarehe 20 Januari 2025. Rais Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Mnakumbuka ile wiki, watu walikuwa wameshauza magodoro. Nyumbani kwetu hakuna aliyepika jioni ile. Siku chache baadaye nilimuona Mama anatoka na sahani ya mabaki, anaelekea nyumba ya nne. Hakusema kitu, na mimi sikumuuliza.

Hatukumkimbilia kumshika. Mbwa usiyejua historia yake ni hatari, anaweza kuwa na kichaa ambacho bado hakijaonekana, maana ugonjwa huo unaweza kujificha miezi miwili, mitatu. Watoto tuliwakataza kabisa kumgusa. Mama alimpelekea chakula saa ileile kila jioni, kila siku akiweka sahani karibu kidogo na kwetu. Wiki ya tatu alilala mlangoni. Daktari wa mifugo akaja, akamchoma sindano ya kichaa na kumpa dawa ya minyoo. Alikadiria ana miaka mitatu. Huu ndio uzuri wa mbwa mzima: tabia yake unaiona kabla hujamchukua. Mtoto wa mbwa ni kubahatisha.

Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, oshea kidonda maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipake majani wala mafuta ya taa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Jirani yetu Msomali alikuja kwa upole kutueleza kwamba mate ya mbwa yanamharibia usafi wa sala. Tulijenga banda upande wa pili, na mchana anafungwa. Sasa jirani ananiambia kuku wake pia hawaibiwi.

Kilichobaki ni jina. Tulimtumia mama wa ile familia ujumbe kwa WhatsApp, naye akampa simu mtoto wake wa miaka saba. Mtoto akaita, "Bobi! Bobi!" Mbwa alisimama, akaenda kutafuta nyuma ya simu, halafu nyuma ya nyumba, akarudi, akatafuta tena.

Mtoto aliniuliza, "Mwalimu, na ninyi mkikuja huku mtamuacha na nani?"

Nilimwambia Bobi ameshakula, na kwamba analala karibu na mbuzi. Tuna mmoja tena, jike.