Baiskeli ya vita iliyomtoa baba chini ya mwembe

Katika maboma mengi ya magharibi mwa Kenya hutakosa kuona fremu ya baiskeli kuukuu imeegemezwa ukutani nyuma ya jikoni. Kuku hulala juu yake, na mtoto akihitaji waya hung'oa spoki moja akaenda zake. Mnunuzi wa vyuma akipita na mizani yake, fremu hiyo huuzwa kwa kilo kama sufuria iliyotoboka. Leo nakuomba, kabla hujaipima, umwulize kwanza mzee wako kuihusu. Huenda ukauza kwa shilingi mia mbili kitu ambacho hutakipata tena kwa elfu ishirini.

Tukisikia habari za vita, wengi wetu hufikiria vifaru na ndege. Ni wachache wanaojua kwamba baiskeli nayo ilikwenda vitani. Kampuni ya BSA ya mjini Birmingham, Uingereza, ilianzishwa mwaka wa 1861 na mafundi wa bunduki, na hata ilipoingia katika biashara ya baiskeli, alama yake ilibaki kuwa bunduki tatu zilizoegemezana. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili ilitengeneza baiskeli za kukunja kwa ajili ya wanajeshi wa miavuli, na baadhi yazo zilishushwa katika ufuo wa Normandy, Ufaransa, Juni 6, 1944.

Wajapani nao walipoivamia Malaya mnamo Desemba 1941, maelfu ya askari wao walisonga mbele kwa baiskeli. Tairi zilipopasuka waliendelea kwa rimu tupu, na mkwaruzo wake barabarani usiku uliwafanya wapinzani wao wadhani vifaru vinakuja. Februari 15, 1942, Singapore ilisalimu amri. Uswisi nayo ilitumia muundo mmoja wa baiskeli ya jeshi, uzito wake zaidi ya kilo 20, ambao uliundwa kuanzia 1905 hadi 1989.

Kwetu sisi habari hizi hazikutoka vitabuni. Babu, mzazi wa baba, alikuwa tarishi katika kambi moja ya kijeshi humu nchini wakati wa vita hivyo. Hakufika Burma kama maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki waliofikishwa huko. Vita vyake vilikuwa barua mfukoni na baiskeli ya kijani kibichi isiyong'aa popote. Alipoachishwa kazi mwaka wa 1946 aliirudisha ghalani, akatia kidole gumba kwenye karatasi, akapanda gari moshi hadi Butere, kisha akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Kumbuka kwamba wakati huo malipo ya askari yalipangwa kwa kufuata rangi ya ngozi, kwa hivyo baiskeli ya kununua ilikuwa ndoto. Hadi alipofariki mwaka wa 1989 aliizungumzia ile ya kijani kama mtu anavyomzungumzia ng'ombe wa maziwa aliyeibiwa.

Huenda ndiyo sababu mwanawe, yaani baba yangu, akawa fundi wa baiskeli. Kwa zaidi ya miaka 30 alikaa sokoni na sanduku lake la spana, akitusomesha sote watano kwa viraka vya tyubu. Kisha zikaja pikipiki. Bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli kule mpakani Busia, ikahamia kwenye petroli, na wateja wa baba wakahama nayo. Mwaka wa 2019 alifunga kibanda. Mama alipotuacha miaka miwili baadaye, mzee alihamishia kiti chake chini ya mwembe, na kuanzia hapo akawa mtu wa kuitikia salamu tu. Macho nayo yakaanza kufifia. Kwenye mkutano wa familia mmoja wetu alipendekeza lile sanduku la spana liuzwe. Baba alikuwa ameketi papo hapo, na hakusema neno.

Kimya kile kilinitisha kuliko ugonjwa. Likizo ya Agosti 2024 ilipofika, nilikwenda nyumbani na mwanangu wa miaka 13, nikamwambia mzee, "Baba, nataka utuundie ile baiskeli ya babu."

Alinitazama kwa muda mrefu. Mimi huniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mamake. "Mama," akasema, "ile ilikuwa ya serikali."

"Hii itakuwa yetu," nikamjibu.

Sasa sikiliza, msomaji, maana kazi yenyewe si ngumu kama inavyodhaniwa. Zile baiskeli nzito tunazoziita Black Mamba, nyingi zikitoka India, zimefuata umbo la baiskeli za Kiingereza za zamani. Magurudumu ni ya inchi 28. Breki ni za vyuma, si za waya. Gurudumu la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40, kwa sababu nyuma ndiko mzigo hukaa. Kwa hivyo hatukuagiza kitu ng'ambo. Tulinunua Black Mamba mbovu kwa Sh4,500. Tairi na tyubu zilitugharimu Sh2,600, spoki, gololi na mnyororo Sh1,900, kiti cha ngozi kilichotumika Sh1,600, rangi na msasa Sh1,200. Jumla Sh11,800.

Kazi kubwa ilikuwa kuiondolea mng'aro. Baiskeli ya vita haimetimeti, kwani kinachometa huonekana na adui. Mwanangu alisugua usukani na rimu kwa msasa siku tatu mpaka viganja vikaota malengelenge, ndipo tukapaka kijani kila mahali, hata kengele. Kijana alitaka tuweke vishikio vya bunduki kama alivyoona pichani. Babu yake akakataa. "Baba yangu alibeba barua," alisema. Badala yake tukafunga mkoba wa turubai kwenye fremu.

Siku ya kunyoosha magurudumu ndiyo sitaisahau. Macho ya mzee hayakuweza tena kuona rimu ikiyumba. Aliinamisha kichwa, akaanza kuzipiga spoki kwa ukucha, moja moja, akisikiliza kama mpiga nyatiti anayekaza nyuzi. Iliyolia chini ilikuwa imelegea, iliyolia juu imekazwa mno. "Kaza nusu mzunguko," alimwambia mjukuu, na mjukuu akawa macho yake. Jioni ilipoingia gurudumu lilizunguka bila kugusa breki upande wowote. Papo hapo, bila kuulizwa, mzee akaanza kusimulia jinsi alivyomposa mama kwa kumbeba kwenye keria hadi Mumias. Miaka mitatu hakuwa amelitaja jina lake.

Chini ya fremu tuligonga kwa tindo neno NAKALA na mwaka 2024, asije mjanja akaiuza kesho kama masalio halisi ya vita. Kuiga si kughushi, mradi useme kweli.

Sitakudanganya kwamba baiskeli imemponya baba. Macho bado yanasubiri daktari, na huzuni ya mjane haiondolewi kwa spana. Lakini sanduku halikuuzwa. Siku za soko hulifungua chini ya ule mwembe, na wapo watoto wawili wa jirani wanaokuja kujifunza kuziba panchari. Mwanangu naye hupiga simu kila Jumapili kuuliza kama mnyororo umetiwa mafuta.

Wengi wetu tunaoishi mijini tukienda kuwaona wazazi hubeba sukari, mkate na blanketi. Ni vyema, nao hushukuru. Hata hivyo, mzee aliyeishi kwa kazi ya mikono yake hufa mapema mikono hiyo ikikosa la kufanya. Kama alikuwa seremala, mwombe akutengenezee kigoda. Kama mama alisuka mikeka, mpelekee ukindu, na umpeleke mjukuu pamoja nao. Mwache akosoe, agombe, aseme hujui kushika nyundo. Utajua amerudi pindi utakaposikia anakukemea.