Shahidi Ndani ya Gari

Sisi tunaoendesha magari hapa Marekani tulidhani siri ya safari ni baina ya dereva na Mola wake. Mwaka jana tuligongana na gari jingine njia panda, tukimkimbiza mama hospitali. Mama alisalimika, alhamdulillahi. Bwana wa bima akaja na karatasi: "Tieni sahihi hapa tu." Kumbe ni ruhusa ya kufungua kisanduku kilichomo garini, kinachohifadhi mwendo na breki kwa sekunde 5 kabla ya ajali.

Hatukutia. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inasema taarifa hizo ni mali ya mwenye gari au aliyelikodi. Kwa kawaida mwingine hazipati bila ridhaa yake au amri ya mahakama.

Usiku hatukulala. Je, tulikataa kwa kulinda haki, au kwa kuogopa ukweli? Asubuhi tulisoma karatasi yote, tukatia sahihi kwa hiari. Kisanduku kikasema mawili: tulishika breki, na tulizidisha maili 6. Tukabeba sehemu yetu ya lawama.

Basi tuambizane: someni kwanza. Siri ni ya mwenyewe, hata akiamua kuitoa.